Kuilima akili: Wabuddha wanamaanisha nini wanaposema akili hubadilika

Mwambie mtu kwamba umeanza kujifunza taamuli (meditesheni) ya Kibuddha, na swali la kwanza litakuwa: "Unawezaje kukaa bila kuwaza chochote?" La pili huja na wasiwasi zaidi: "Ukishaiacha akili tupu, si unafungua mlango liingie lolote?" Maswali yote mawili huulizwa kwa nia njema, na yote mawili yamejengwa juu ya jambo ambalo halipo. Anayeanza njia hii haambiwi aifute akili yake kama mtu anavyofuta ubao. Anaambiwa kitu kigumu zaidi: aitazame.

Kwa upande mwingine kuna programu za simu zinazoahidi utulivu ndani ya dakika kumi, na picha za sanamu ya Buddha aliyefumba macho akitabasamu, kana kwamba kazi yote ni kupumzika. Kati ya hofu ya wale na ahadi za hawa, jambo lenyewe limepotea. Nataka kulifungua taratibu, kwa sababu kwangu ni miongoni mwa maswali mazito kabisa ambayo binadamu amewahi kujiuliza: je, ile tabia ya ndani ambayo mtu huitetea kwa kusema "mimi ndivyo nilivyo" inaweza kubadilika kwa mazoezi?

Maneno kwanza

Buddha ni cheo, si jina. Maana yake ni "aliyeamka". Aliyepewa cheo hicho ni Siddhartha Gautama, mwana wa ukoo wa watawala wa Wasakya, katika eneo ambalo leo ni mpakani mwa India na Nepal, aliyeishi yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Hakudai kuwa Mungu wala mjumbe wa Mungu. Alisema ameona jinsi dhiki inavyozaliwa ndani ya mtu na jinsi inavyokoma, na mapokeo yanasema alitumia miaka 45 kuwaonyesha wengine njia hiyo.

Dhiki hiyo, kwa Kipali, lugha iliyohifadhi baadhi ya mafundisho yake ya kale zaidi, inaitwa *dukkha*. Neno hili hutafsiriwa "mateso", na tafsiri hiyo imewafanya watu waamini kwamba Ubuddha ni dini ya huzuni. Dukkha ni pana kuliko mateso. Msiba umo, maradhi yamo, lakini umo pia ule ukakasi mdogo wa kila siku: kupata ulichokitaka na kukuta bado hujatosheka, au kuwa katikati ya furaha huku ukihesabu itaisha lini.

Neno la pili ni *citta*. Tumezoea kuliita "akili", ila Kiswahili kingeweza kulitendea haki zaidi kwa neno "moyo". Sisi husema moyo umechafuka, moyo mzito, moyo mgumu, moyo safi, moyo haupo hapa. Hatutenganishi sana panapowaza na panapohisi, na citta ndivyo ilivyo: hesabu na hasira hukaa nyumba moja. Kwa mazoea nitaendelea kuandika "akili", lakini msomaji ausikie na moyo humo humo. Asiyefanya hivyo atadhani tunazungumzia kuongeza maarifa kichwani, na hapo atapotea mapema.

La tatu ndilo lenye uzito kuliko yote: *bhavana*. Ndilo neno ambalo sisi tunalipokea kama "taamuli" au "meditesheni". Kwa asili lina maana ya kukifanya kitu kiwe, kukikuza, kukilea. Halisemi juu ya kufumba macho wala kukunja miguu. Liko karibu zaidi na shamba. Mkulima hauvuti mmea kwa nguvu utoke ardhini. Hulima, hupalilia, hutia maji, na mmea hukua kwa sababu mazingira yake yameruhusu. Anayefanya bhavana anashughulikia mazingira ya ndani kwa namna hiyo hiyo.

Akili ya kawaida ikoje?

Tunaposema akili ya kawaida hatusemi akili mbovu. Ni akili yangu na yako inapoachwa ijiendeshe. Itazame ikiwa kazini.

Umemtumia rafiki ujumbe asubuhi. Saa nne unaona ameusoma. Saa sita bado hajajibu. Kilichotokea duniani ni kimya tu. Lakini ndani yako mambo hayajatulia. Taya zimebana bila wewe kujua. Wazo limekuja, "amenidharau," na nyuma yake limeburuta lingine, "si mara ya kwanza, hata mwaka jana." Unaanza kutunga jibu kali kichwani, unalirekebisha, unaongeza sentensi ya mwisho ili limkate vizuri. Mtu anakusemesha na humsikii. Saa tisa rafiki anaandika: alipokuwa anaanza kujibu, chaji ikaisha. Umeishi saa tano ndani ya ugomvi uliokuwa na mtu mmoja.

Buddha aliueleza mtego huu kwa mfano wa mishale miwili. Mtu akichomwa mshale, anaumia. Kisha akichomwa wa pili, anaumia mara mbili. Mshale wa kwanza ni maumivu ambayo maisha huyaleta: jino, msiba, kudharauliwa. Wa pili ni ule ambao akili isiyofunzwa hujichoma yenyewe kwa kulalamika, kukataa, kutunga hadithi juu ya maumivu. Aliyefunzwa huchomwa mshale mmoja tu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita: mfano hausemi kwamba mtu mwenye hekima haumii. Anaumia. Kwa hiyo ile dhana kwamba Wabuddha wanatafuta kuwa mawe yasiyohisi inavunjika ndani ya mafundisho ya Buddha mwenyewe.

Mshale wa pili unatoka wapi? Jibu la kale ni mizizi mitatu: tamaa, chuki, na kutoona mambo yalivyo. Tamaa huvuta, chuki husukuma, na kutoona huzifanya zote mbili zionekane kuwa na haki.

Ng'ombe na mazao

Sasa tufike kwenye kiini. Akili hubadilikaje?

Katika hotuba moja Buddha anasimulia kipindi cha kabla ya kuamka kwake. Aliamua kuyagawa mawazo yake mafungu mawili. Fungu la kwanza, mawazo ya tamaa, chuki na ukatili. La pili, mawazo ya kuachilia, kutochukia na kutodhuru. Akawa anatazama kila wazo linaingia fungu gani na linaelekea wapi. Kutokana na hapo alitamka kanuni ambayo naiona ndiyo nguzo ya habari hii yote: kile ambacho mtu hukiwaza na kukirudiarudia, huko ndiko akili yake huelemea.

Soma tena kanuni hiyo polepole. Haisemi wazo baya ni dhambi itakayoadhibiwa na mtu fulani. Inasema wazo huacha mwelekeo. Ni kama njia ya mkato kwenye majani: hakuna aliyepanga kuichora, ni nyayo tu, za leo na za jana, mpaka siku moja kila anayefika pale anapita hapo hapo bila kufikiri. Mtu anayewaka haraka hakuumbwa na moto ndani. Amepita njia ya hasira mara nyingi mno, na njia zile nyingine zimeota majani.

Kisha akatoa mfano wa mchungaji. Mwishoni mwa msimu wa mvua, mazao yakiwa yamesongamana shambani, mchungaji huwalinda ng'ombe wake kwa fimbo. Huwachapa, huwazuia, huwarudisha, kwa sababu anajua wakiingia kwenye mazao ya watu atapigwa, atafungwa au atatozwa faini. Lakini mazao yakishavunwa na kuingizwa vijijini, mchungaji yule yule hukaa chini ya mti. Kinachomtosha ni kukumbuka tu kwamba ng'ombe wako pale.

Nampenda sana mchungaji huyu kwa sababu anamaliza ubishi mrefu. Wako wanaosema taamuli ni kujilazimisha, na wako wanaosema ni kuachilia tu. Yeye anafanya yote mawili, kila moja kwa msimu wake. Kuna wakati wa fimbo, pale wazo la chuki linapokuwa hatua mbili kutoka kwenye mazao ya mtu, na kuna wakati ambapo fimbo ni usumbufu mtupu. Kazi ya miaka ni kujua uko katika msimu gani.

Dakika kumi kwa karibu

Tuingie kwenye zoezi lenyewe. Unakaa, juu ya kiti au sakafuni, mgongo ukiwa umenyooka bila kukakamaa. Unaelekeza nia yako puani, pale ambapo pumzi inagusa ikiingia na kutoka. Ukipenda unahesabu pumzi mpaka kumi, kisha unaanza upya.

Pumzi ya kwanza unaiona. Ya pili unaiona. Ya tatu, ghafla uko mahali pengine: unalipa deni, unamjibu yule aliyekukatiza kwenye mkutano, unapanga kesho. Hukuamua kwenda. Umekuta umeshaenda. Halafu, bila kuamua pia, unashtuka: nilikuwa nahesabu pumzi.

Huo mshtuko ndio wenye thamani. Neno la Kipali kwa uwezo huu ni *sati*, na maana yake ya kwanza ni kukumbuka. Si kukumbuka ya jana. Ni kukumbuka ulipo na unachofanya. Baada ya kukumbuka unarudi kwenye pumzi bila kujikemea, kwa sababu kujikemea ni safari nyingine ya kuzurura. Akili ikiondoka mara arobaini ndani ya dakika kumi, nawe ukarudi mara arobaini, umefanya zoezi mara arobaini. Mtu anayeinuka akisema "nimeshindwa, akili yangu haitulii" ni kama mpiga makasia anayehesabu kila kasia kuwa kosa. Mtumbwi ulisogea kwa makasia hayo hayo.

Kukaa kimya si kutulia, na hapa mafundisho yana mfano mwingine wa kupendeza. Brahmani (mtu wa tabaka la makuhani wa India) aitwaye Sangarava alimwuliza Buddha: kwa nini siku nyingine beti nilizozikariri kwa muda mrefu hazinijii kabisa? Buddha akamjibu kwa bakuli la maji. Mtu akitaka kuona uso wake ndani ya maji yaliyotiwa rangi, hatauona ulivyo. Hiyo ni akili yenye tamaa. Maji yanayochemka ni akili yenye chuki. Maji yaliyofunikwa na ukoga na majani ni akili iliyojaa usingizi na uzito. Maji yanayopeperushwa na upepo mpaka yakafanya mawimbi ni akili yenye wahaka na majuto. Na maji yenye tope, yaliyowekwa gizani, ni akili yenye shaka.

Faida ya mfano huu ni kwamba kila bakuli lina dawa yake. Maji yanayochemka hayatulizwi kwa kuyakoroga. Ondoa moto, yaani acha kuirudia habari ya aliyekukosea. Mwenye uzito na usingizi hatasaidiwa na kukaa zaidi. Kuna shauri la kale alilopewa mwanafunzi mmoja aliyekuwa akisinzia: jisugue viungo kwa mikono, nawa uso, tazama nyota, inuka utembee. Mwalimu anayempa kila mwanafunzi dawa moja hajalitazama bakuli.

Maji yakitulia, kazi haijaisha. Kutulia huitwa *samatha*. Kinachofuata ni *vipassana*, kuona kwa kina. Nakumbuka siku ya kwanza nilipoiona hasira yangu kabla haijawa neno. Masikio yalikuwa ya moto, kifua kimekaza, na sentensi ilikuwa tayari ulimini. Nikaona sehemu hizo tatu zikiwa mbalimbali: joto, mkazo, maneno. Sikuona "hasira" mahali popote nje ya hizo. Na kabla sijaamua la kufanya, joto lilikuwa limeanza kushuka lenyewe.

Hayo ndiyo Wabuddha wanayoyasema wanapotaja kutodumu na kutokuwa na nafsi, maneno ambayo yakisikika yakiwa peke yake yanatisha. Wazo la kutokuwa na nafsi halimaanishi kwamba wewe ni hewa. Mtawa Nagasena alimweleza mfalme Milinda, aliyetawala kaskazini magharibi mwa India, kwa mfano wa gari la kukokotwa. Gari ni magurudumu? Ni mhimili? Ni fremu? Hakuna kipande ambacho ndicho gari, na bado mfalme amefika akiwa amepanda gari. Gari ni jina tunaloupa mpangilio. Hasira ni jina la mpangilio. Na "mimi mwenye hasira", yule aliyeonekana mgumu kama mwamba, naye ni mpangilio, na ndiyo sababu anaweza kupangika upya. Kama tungekuwa na kiini kigumu kisichobadilika, kichwa cha makala hii kingekuwa uongo.

Kinachotangulia kukaa

Watu wengi hudhani Ubuddha ni taamuli na taamuli ni Ubuddha. Katika nchi kama Thailand, Sri Lanka na Myanmar, Mbuddha wa kawaida kwa karne nyingi aliijua dini yake zaidi kwa kuwapa watawa chakula, kusali hekaluni, na kushika ahadi tano: kutoua, kutoiba, kutofanya uzinzi, kutosema uongo, kutotumia vileo. Kukaa kwa muda mrefu kulionekana kuwa kazi ya watawa. Waliofanya taamuli isambae kwa raia ni walimu wa karibuni, na mmoja wa walioanza vuguvugu hilo ni mtawa wa Burma (Myanmar ya leo), Ledi Sayadaw, aliyeishi 1846 hadi 1923.

Maadili hayakuwekwa mwanzo kwa ajili ya nidhamu tu. Akili iliyosema uongo mchana hukesha usiku ikiulinda uongo huo. Jaribu kuhesabu pumzi huku umemdhulumu mtu, maji hayatatulia. Kwa hiyo programu inayomfundisha mtu kupumua bila kumwuliza anaishije na wenzake imechukua tawi na kuacha shina.

Na je, ni ibada? Kwa Mbuddha, ndiyo, imefungamana na kumkimbilia Buddha, mafundisho yake na jumuiya yake. Kuhesabu pumzi kwenyewe hakuna dua ndani yake. Mwenye imani nyingine ataamua kwa dhamiri yake, ila aamue akijua ni nini anachokikubali au kukikataa.

Wema nao hulimwa

Sehemu inayonigusa kuliko zote ni hii: upendo nao huhesabiwa kuwa mazoezi. Tumezoea kuona kwamba upendo ama upo ama haupo. Mwanazuoni Buddhaghosa, aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5 ya Kristo, alieleza *metta*, upendo wa kumtakia kila mtu heri, kama jambo lenye hatua. Unaanza kwa kujitakia heri wewe mwenyewe. Kisha mtu unayemheshimu. Kisha rafiki wa karibu. Kisha mtu ambaye humpendi wala humchukii, ambaye unapishana naye tu. Mwisho kabisa, adui. Anayerukia kwa adui siku ya kwanza hukuta anafanya mazoezi ya chuki.

Buddhaghosa aliongeza uchambuzi ambao ningetaka kila mtu aujue. Kila sifa njema ina adui wa mbali na adui wa karibu. Adui wa mbali wa upendo ni chuki, na huyo tunamtambua. Adui wa karibu ni mapenzi ya kung'ang'ania, yanayojifanya upendo huku yakitaka kumiliki. Huruma ina adui wa mbali, ukatili, na adui wa karibu, majonzi yanayokuzamisha pamoja na yule uliyetaka kumwokoa. Utulivu wa moyo usioyumba una adui wa karibu anayefanana nao mno: kutojali. Kikulacho ki nguoni mwako. Wengi wanaodhani wamefikia utulivu wamefikia kutojali, na watu wa nyumbani mwao hulijua hilo kabla yao.

Mgeni apewe jembe

Huko Tibet mambo haya yalipata sura iliyo kali zaidi. Atisha, mtawa msomi aliyezaliwa Bengal mwaka 982, alivuka bahari hadi Sumatra akajifunza kwa mwalimu wake Serlingpa kwa miaka 12. Baadaye, mwaka 1042, aliingia Tibet, akafundisha huko mpaka alipofariki mwaka 1054. Mafunzo aliyoyaleta huitwa *lojong*, yaani kuifunza akili. Langri Thangpa (1054–1123) aliyafupisha katika beti nane, na Chekawa (1101–1175) akayapanga katika hoja saba.

Kabla ya kuyaeleza, turudi India kidogo. Buddha alisema akili kwa asili yake inang'aa, na uchafu unaoichafua ni mgeni. Tamaa huja na kuondoka. Hasira huja na kuondoka. Hazikuzaliwa nyumbani humo. Sasa, Kiswahili kina shauri lake kuhusu wageni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sijaona maneno yanayoieleza lojong vizuri kuliko haya. Walimu hawa hawakusema mfukuze mgeni, wala hawakusema mwache akae akila tu. Walisema: mpe kazi. Wivu umekuja? Utumie kuona ni nini hasa unachong'ang'ania. Mtu uliyemtendea wema amekulipa ubaya? Langri Thangpa anamtaka mtu huyo ahesabiwe mwalimu, kwa sababu uvumilivu haufundishwi na wanaotupendeza.

Watibeti husimulia kwamba Atisha alisafiri na mtumishi wa Kibengali mwenye hasira na maneno makali. Alikuwa amesikia Watibeti ni watu wapole, akahofia kwamba bila mtu wa kumkera uvumilivu wake utalala.

Lazima niseme jambo hapa bila kuzunguka, kwa sababu fundisho hili limewahi kutumiwa kuwanyamazisha wanaoonewa. Kuibadilisha akili si kubaki kwenye nyumba unayopigwa. Mshale wa kwanza, ukiwa na mkono unaourusha, unapaswa kuzuiwa na kuondolewa. Mwite polisi, ondoka, dai haki yako. Lojong inahusu unachofanya na moyo wako, isije ikawa umetoka kwenye nyumba ile lakini umebeba chuki yake kwa miaka thelathini. Anayemwambia aliyeumizwa "mshukuru, ni mwalimu wako" amechukua dawa aliyopaswa kunywa mwenyewe akamlazimisha mwingine.

Lakini Zen wanasema akili ya kawaida ndiyo Njia

Msomaji makini anaweza kuuliza: mbona mwalimu wa Kichina Mazu, aliyeishi 709 hadi 788 na ambaye Wazen, wafuasi wa tawi la Ubuddha lililoanzia China, humheshimu sana, alifundisha kwamba akili ya kawaida ndiyo Njia? Tunabadilisha nini basi?

Kisa chake cha ujana kinasaidia. Mazu alikuwa akikaa katika taamuli kutwa nzima. Mwalimu wake, Huairang, akamwuliza anakaa kwa ajili gani. "Ili niwe Buddha." Huairang akaokota kigae, akaanza kukisugua juu ya jiwe. Mazu akashangaa: "Unafanya nini?" "Natengeneza kioo." "Kigae kitakuwaje kioo kwa kusuguliwa?" "Na wewe utakuwaje Buddha kwa kukaa?" Kisha akamwuliza: gari lisipokwenda, unachapa gari au unachapa ng'ombe?

Neno "kawaida" hapa lina maana mbili. Akili ya kawaida ya mtu anayetunga jibu kali la saa tano ni akili iliyojaa kazi ya kujitengeneza. Akili ya kawaida ya Mazu ni ile isiyojitengeneza: ikitembea inatembea, ikila inakula. Kisa hakisemi kukaa ni bure. Mazu hakuacha mazoezi. Kinamwonya yule anayekaa ili ajivune kuwa mtu mtakatifu, kwani huyo anaongeza rangi kwenye maji.

Kliniki, na tahadhari

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, akawafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo mazoezi haya kwa wiki 8, bila lugha ya dini. Kutoka hapo ndiko sehemu kubwa ya meditesheni ya hospitalini na maofisini ilikotokea. Siidharau, mtu asiyelala kwa maumivu anastahili msaada wowote. Ila lengo lake ni kupunguza msongo, na lengo la Buddha lilikuwa kung'oa mizizi. Ni vyema mtu ajue amepanda gari gani.

Tena, si kila mtu hunufaika kwa kufungiwa kimya siku kumi kwenye kambi ya taamuli. Wapo waliokaa muda mrefu wakaamsha hofu au kumbukumbu za kutisha walizoshindwa kuzibeba. Aliyewahi kuugua akili au kupitia tukio zito aanze kidogo, akiwa na mwalimu anayejua, na dawa za daktari asiziache.

Na inachukua muda gani? Swali hilo Buddha alilijibu kwa kuku na kwa seremala. Kuku akiwa na mayai nane, kumi au kumi na mawili, asipoyaatamia sawasawa, hata atamani vipi vifaranga havitatoka. Akiyaatamia sawasawa, hata asipotamani, vitavunja maganda na kutoka. Seremala naye hutazama mpini wa tezo lake, akaona alama za vidole na kidole gumba zimechimbika kwenye mti. Hajui mpini umelika kiasi gani leo, wala jana, wala juzi. Anachokijua, akiutazama, ni kwamba umelika.